Ramani ya Moto Usioonekana

Katika vijiji vyetu mtu mwenye akili habomoi nyumba ya zamani kwa kuanza na shoka. Kwanza huizunguka. Hutazama boriti zilizoliwa na mchwa, hutazama ukuta uliopasuka, tena huchungulia kwa makini nyasi za paa, maana nyoka hupenda kulala humo. Huwauliza wazee waliokaa ndani yake: Kisima cha zamani kilikuwa wapi? Choo kilifukiwa upande gani? Akiisha kujua hayo yote, ndipo huwaita vijana waje na majembe. Asiyefanya hivyo huangukiwa na paa, au mtoto wake hutumbukia katika shimo lililosahauliwa.

Wasomaji wapendwa, siku hizi katika nchi nyingi ziko nyumba zinazongoja kubomolewa, ambazo hatari yake haionekani kwa macho, hainuki, haitoi sauti, wala haichomi mkono papo hapo. Ni nyumba za atomu: matanuri yaliyotoa umeme, viwanda vilivyotengeneza urani, vyumba ambamo wataalamu walijaribu mambo mapya. Nyingi zilijengwa katika miaka ya 1950 na 1960. Zimezeeka, zimezimwa, na sasa yapasa ziondolewe. Lakini fundi atapiga wapi nyundo ya kwanza, ikiwa hajui adui amelala wapi? Ndiyo maana kabla ya kubomoa hufanywa kazi moja ndefu, yenye kutaka subira: kuchora ramani ya uchafu wa mionzi, chumba kwa chumba, bomba kwa bomba. Kazi hiyo ndiyo tutakayoieleza leo.

MJI WA MOL NA JIWE LA KATANGA

Twende kwa mawazo hadi Mol, mji mdogo wa Ubelgiji, upande wa mashariki ya Antwerpen, katika nchi ya mchanga na misonobari. Mahali hapo si pageni kabisa kwetu sisi watu wa Kongo. Mwaka 1915 urani iligunduliwa Shinkolobwe, katika Katanga. Tangu mwaka 1922 mawe ya Shinkolobwe yalifanyiwa kazi Olen, si mbali sana na Mol, ili yatolewe radiamu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, sehemu kubwa ya urani waliyoitumia Wamarekani ilitoka katika shimo lile lile la Katanga. Kwa njia hiyo Ubelgiji ilipata mapema nafasi kati ya mataifa yaliyojifunza elimu ya atomu, na mwaka 1952 ilianzisha huko Mol kituo chake cha utafiti.

Kati ya matanuri yaliyojengwa Mol, moja huitwa BR3. Liliwashwa mwaka 1962. Lilikuwa dogo, la megawati 10 na nusu tu za umeme, lakini lilikuwa la kwanza la namna yake katika Ulaya ya Magharibi: tanuri ambalo maji yaliyobanwa kwa nguvu hubeba joto la urani bila kuchemka. Humo walifundishwa mafundi walioendesha baadaye matanuri makubwa ya Doel na Tihange. Mwaka 1987 lilizimwa moja kwa moja. Na mwaka 1989 Jumuiya ya Ulaya ililichagua liwe mojawapo la majengo 4 ya mfano, ili watu wajifunze kwayo namna ya kubomoa nyumba za atomu.

Kwa nini ulitakiwa mfano? Kwa sababu mpaka siku zile dunia ilikuwa imejifunza sana kuwasha matanuri, lakini ilikuwa haijajifunza vema kuyaondoa. Kila mtu hushangilia siku ya kuzindua. Kazi ya kufagia baada ya karamu haina ngoma wala nderemo, lakini bila kazi hiyo nyumba haikaliki.

UCHAFU WA NAMNA MBILI

Ili tuifahamu ramani, yatupasa kwanza kufahamu kinachochorwa. Uchafu wa mionzi katika tanuri ni wa namna mbili, na namna hizo hazifanani hata kidogo.

Namna ya kwanza yatoka ndani ya kitu chenyewe. Atomu za urani zipasukapo hutoa chembe ndogo mno ziitwazo nyutroni. Chembe hizo hupiga chuma na zege vilivyo karibu, huingia katika atomu zake na kuzigeuza. Chuma kilichokuwa kimya huanza kutoa mionzi. Ndani ya chuma mna kobalti kidogo, kama chumvi katika mboga. Nayo ni madini yale yale yachimbwayo Kolwezi. Kobalti ya kawaida haitoi mionzi. Lakini ikipokea nyutroni hugeuka kuwa kobalti 60, yenye miali mikali inayoweza kupenya chuma kinene. Uchafu huu hauoshwi kwa maji wala kwa sabuni, maana si vumbi lililokaa juu ya chuma: ni chuma chenyewe kilichogeuka.

Namna ya pili ni uchafu uliobebwa. Maji yazungukayo katika mabomba hula chuma polepole, huchukua chembe zake, hupita nazo ndani ya tanuri, kisha huziacha mbali, mahali ambapo mwendo wake hupungua: katika kiwiko cha bomba, chini ya tangi, pembeni mwa valvu. Ni kama machicha ya pombe yanavyotulia chini ya mtungi. Tena, fimbo za urani zikivuja, hutoka pia sesiamu 137, na pengine plutoniamu kidogo. Uchafu wa namna hii waweza kuoshwa au kukwanguliwa. Lakini waweza pia kuruka kama vumbi na kuingia mapafuni mwa mfanyakazi.

Tena, kila kitu cha mionzi kina saa yake. Kobalti 60 hupungua nusu katika kila miaka 5 na miezi 3 hivi. Sesiamu 137 yahitaji miaka 30 ili ipungue nusu. Nikeli 63, nayo yapatikana katika chuma cha matanuri, yahitaji kama miaka 100. Kwa hiyo ramani ya mionzi haikosi kuwa na tarehe, kama picha ya mtoto: baada ya miaka michache sura yake itakuwa nyingine. Mwenye kungoja miaka 40 ataona kobalti imepungua hata haibaki sehemu moja kwa mia. Lakini nikeli itakuwa ingali kama robo tatu ya ilivyokuwa, na wazee waliojua habari za jengo watakuwa wamekwisha kufa.

KWANZA VITABU NA WAZEE

Msifikiri kwamba kazi huanza kwa mashini za ajabu. Huanza mezani. Wataalamu hufungua michoro ya zamani na madaftari ya kazi: Tanuri liliwaka siku ngapi? Lini fimbo ya urani ilivuja? Bomba lipi lilibadilishwa, na la zamani liliwekwa wapi? Ni ukuta gani uliopakwa rangi mpya, na chini ya rangi ile kulikuwa na nini?

Kisha huwatafuta wazee waliofanya kazi humo. Mzee mmoja aweza kukumbuka jambo lisiloandikwa popote: kwamba siku fulani maji yalimwagika katika ujia, yakapanguswa, na sakafu ikafunikwa kwa saruji mpya. Neno moja la namna hiyo laweza kuokoa miezi ya kazi. Kwa ajili hii wakubwa wa kazi hii husema kwamba yafaa kuanza kuuliza siku ile ile tanuri lizimwapo, watu wakiwa bado kazini na kumbukumbu zao zikiwa bado mbichi.

Hapo twaona fundisho la kwanza. Mfanyakazi aandikaye kwa uaminifu kosa dogo la leo, hata kama ni aibu kwake, amsaidia mtu ambaye hatamwona kamwe, atakayekuja na nyundo baada ya miaka 40. Na yule afichaye kosa lake amwachia mtego.

CHUMBA KWA CHUMBA, KIPIMO MKONONI

Baada ya vitabu hufuata kutembea. Mpimaji huvaa nguo za kazi zinazofunika mwili wote, glavu, na pengine kifuniko cha uso. Kifuani hubeba kipimo kidogo kinachohesabu mionzi anayoipokea yeye mwenyewe. Sheria ya Ulaya hairuhusu mfanyakazi kupokea zaidi ya milisiverti 20 kwa mwaka. Ili tuelewe kadiri yake, tukumbuke kwamba kila mwanadamu hupokea mionzi kidogo kutoka katika ardhi, angani, na katika chakula chake: kwa wastani wa dunia yote, kama milisiverti 2 na nusu kwa mwaka.

Mpimaji huingia chumbani na kusikiliza kwanza. Hupima katikati ya chumba, hupima karibu na kila bomba, huandika. Lakini kipimo hicho hueleza nguvu ya mionzi mahali aliposimama tu. Hakimwambii kila mara yatoka wapi. Ni sawa na mtu aliye gizani asikiaye nyuki: ajua wapo, lakini mzinga uko upande gani? Kwa ajili hiyo hutumia kamera ya gama. Kamera hii hupiga picha mbili kwa pamoja, moja ya mwanga wa kawaida na moja ya miali isiyoonekana, kisha hulaza moja juu ya nyingine. Basi katika picha ya ukuta uliojaa mabomba huonekana doa jekundu juu ya kiwiko kimoja tu. Chembe za kobalti zimekusanyika pale. Ukiondoa kiwiko hicho kwanza, pengine chumba kizima chatulia.

Hata hivyo kamera haioni yote. Miali ya plutoniamu ni mifupi, hata karatasi moja yatosha kuizuia. Ukiwa nje ya bomba hutajua kwamba imo. Hapo hutumika njia nyepesi kuliko zote: kitambaa au karatasi ndogo. Mpimaji hupangusa sehemu ya ukuta yenye ukubwa wa sentimeta 10 kwa 10, kisha karatasi ile hupelekwa penye kipimo na kuhesabiwa. Ikiwa imechukua uchafu, basi uchafu ule haukushikamana, waweza kuruka. Mahali pengine hukatwa kipande cha bomba na kufunguliwa.

Na zege, yaani beto, je? Zege hunywa maji kama ardhi. Uso wake waweza kuwa safi, na uchafu ukawa umeingia ndani sentimeta kadhaa kwa kufuata ufa. Kwa hiyo mafundi hutoboa kwa keekee yenye tundu na kutoa kipande kirefu cha duara, ambacho Wafaransa hukiita karoti kwa sababu ya umbo lake. Karoti hiyo hukatwa vipande vyembamba kama mkate, na kila kipande hupimwa peke yake. Hivyo hujulikana yafaa kukwangua milimeta 5 au kuchimba sentimeta 20.

Katika chumba cha uchunguzi wa kikemia huja shida nyingine. Kobalti 60 na sesiamu 137 hujitangaza zenyewe, maana miali yao husikika kutoka mbali. Nikeli 63 na nyinginezo ni kimya. Kuzipima kwahitaji dawa, siku nyingi na fedha nyingi. Wataalamu wafanyaje? Huchukua vipande vichache, huvipima kwa ukamilifu, kisha hutafuta uhusiano: katika bomba la namna hii, penye kobalti kiasi hiki, nikeli huwa kiasi kile. Baadaye hupima kobalti tu, na kwa hesabu hujua habari za ndugu yake aliye kimya. Lakini yawapasa kuangalia sana: uhusiano uliopatikana katika bomba la maji hautumiki kwa zege ya ukuta, wala ule wa tanuri moja hautumiki kwa tanuri jingine bila kuchunguza upya.

ELIMU ILIYOZALIWA MIGODINI AFRIKA

Sasa tufanye hesabu kidogo, na wanafunzi watusaidie. Tuseme sakafu ina urefu wa meta 20 na upana wa meta 10. Tukiigawa katika miraba ya meta moja, tutapata miraba 200. Kuitembelea yote kwa kipimo cha mkono kwawezekana. Lakini kutoboa karoti 200 na kuzipeleka zote kwa wakemia ni gharama kubwa mno, tena kila karoti ni vumbi na hatari. Pengine tutatoboa 15 tu. Basi twawezaje kusema neno la kweli juu ya miraba 185 ambayo hatukuitoboa?

Swali hili halikuulizwa kwanza katika nyumba za atomu. Liliulizwa katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Huko Witwatersrand injinia mmoja, jina lake Danie Krige, aliona kwamba makampuni hutoboa mashimo machache na kwa hayo hukadiria utajiri wa jiwe kubwa, nayo mara nyingi hukosea. Mwaka 1951 aliandika kazi yake ya chuo kikuu juu ya jambo hilo. Alionyesha kwamba vipimo vilivyo karibu hufanana kuliko vilivyo mbali, na kwamba kufanana huko kwaweza kuhesabiwa. Miaka michache baadaye mwanahisabati wa Ufaransa, Georges Matheron, aliikamilisha elimu hiyo na kuiita kwa jina la Krige.

Watu wa Katanga wataelewa bila shida. Mchimbaji akipata shaba nyingi katika shimo moja, hutazamia kuipata pia meta 5 pembeni, lakini haapi kwamba ataipata kilometa 5 mbele. Uchafu wa mionzi nao hufuata njia: hufuata mteremko wa sakafu, hufuata ufa, hufuata bomba lililovuja. Kwa hiyo wataalamu wa atomu, hasa wa Ufaransa, wameichukua elimu hii ya migodi na kuitumia katika sakafu na kuta za viwanda vya zamani.

Na hapa ndipo palipo kiini cha maneno yetu. Hesabu hii haichori ramani moja, huchora mbili. Ya kwanza huonyesha uchafu ulipo na kadiri yake. Ya pili huonyesha mashaka: hapa twajua vema, pale twakisia tu. Fundi mwenye busara huitazama ramani ya pili kwa bidii kuliko ya kwanza, kwani ndiyo humwambia atoboe wapi tena. Ramani iliyojaa rangi nzuri, isiyosema popote "hapa hatujui", haiaminiki. Ni kama shahidi barazani ajibuye kila swali bila kusita hata mara moja.

RAMANI YAGEUKA KUWA MPANGO WA KAZI

Turudi Mol. Huko ramani haikubaki karatasini. Mwaka 1991 mabomba yote ya maji ya kwanza ya BR3 yaliooshwa kwa dawa, na nguvu ya mionzi ikapungua kama mara 10, hata watu wakaweza kukaribia. Wataalamu wa kituo walitengeneza pia programu ya kompyuta iitwayo VISIPLAN. Ndani yake chumba huchorwa pamoja na mabomba na matangi yake, na nguvu ya kila chanzo cha mionzi huandikwa. Kisha mkuu wa kazi aweza kuuliza kabla mtu yeyote hajaingia: Mfanyakazi akipita mlango huu, akasimama hapa saa moja akikata bomba lile, atapokea kiasi gani? Na tukiweka kwanza ukuta wa risasi? Na tukianza na tangi la nyuma? Hivyo kosa hufanyika katika kompyuta, wala si katika mwili wa baba wa watoto.

Vyombo vilivyokuwa karibu na moto wa urani, vilivyogeuka vyenyewe, vilikatwa chini ya maji, maana maji huzuia mionzi na kushika vumbi. Mwaka huo huo wa 1991 walijaribu njia tatu za kukata ngao ya ndani ya chuma: kwa cheche za umeme, kwa moto mkali wa plazima, na kwa msumeno. Baada ya kulinganisha waliona kwamba msumeno wa kawaida wafaa kuliko zote, kwa kuwa hauchafui sana maji wala hewa. Kati ya mwaka 1999 na 2000 chungu kikubwa cha tanuri chenyewe kilikatwa vipande katika hodhi la maji.

Baada ya kukata hufuata kuchagua. Kilichogeuka sana hufungwa katika mapipa na kulindwa. Kilichochafuka juu tu huoshwa kwa dawa, kisha hupimwa tena. Na kilicho safi huruhusiwa kutoka, chuma kikayeyushwe na kutumiwa upya. Lakini kusema "safi" si jambo la kukisia. Kwa kobalti 60 na sesiamu 137, sheria ya Ulaya yataka kilo moja isizidi bekereli 100, na bekereli moja ni atomu moja ipasukayo kwa sekunde. Kiasi hiki ni kidogo namna gani? Mwili wa mtu mwenye afya, kwa ajili ya potasiamu iliyomo tangu kuumbwa, una kama bekereli 60 kwa kila kilo. Tunaona basi jinsi mstari ulivyochorwa karibu na maumbile yenyewe.

Bila ramani, ingekuwaje? Aogopaye angetia kila kitu katika mapipa, hata zege isiyo na hatia, na kuujaza udongo wa nchi takataka zisizo za lazima. Asiyeogopa angetupa kila kitu sokoni, hata chuma chenye sumu. Wote wawili hukosa kwa sababu moja: hawakupima.

DOA CHINI YA SAKAFU

Na sasa tusikie habari moja ya kutisha, ili tusidhani kwamba twaongea mambo ya vitabuni tu. Yatoka Hanford, katika jimbo la Washington, Marekani. Huko ndiko Wamarekani walikotengeneza plutoniamu tangu mwaka 1944, pamoja na ile ya bomu lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945.

Katika Hanford kuna jengo liitwalo 324, lililojengwa karibu na mto mkubwa wa Columbia, upande wa juu wa mji wa Richland. Lilianza kazi katika miaka ya 1960. Lina vyumba vyenye kuta nene za zege, ambamo watu walifanya kazi kwa mikono ya mashini wakitazama kupitia vioo vinene. Mwaka 1986, katika kimoja cha vyumba hivyo, maji yenye sesiamu na strontiamu nyingi sana yalimwagika. Chumba kilisafishwa, kazi ikaendelea, na mwisho jengo likafungwa.

Miaka ikapita. Mpango wa kulibomoa ukatayarishwa. Lakini kabla ya kubomoa, wapimaji walitaka kujua hali ya udongo ulio chini. Mwaka 2010 walipeleka vipimo chini ya chumba kile. Wakaona rad 8,900 kwa saa. Mtu akisimama mahali penye nguvu hiyo, dakika chache tu zatosha kumwua. Sehemu ya maji yale ilikuwa imepenya sakafu na kuingia ardhini, meta kama 300 kutoka mtoni, nayo ilikaa humo zaidi ya miaka 20.

Fikirini, ndugu wasomaji, ingekuwaje kama wangelileta tingatinga kwanza. Jengo lile lenyewe lilikuwa kifuniko. Zege yake ilizuia mionzi, na paa lake lilizuia mvua isiyasukume machafu yale kuelekea mtoni. Kuliondoa kungekuwa kama kufunua jungu la sumu katikati ya uwanja. Basi kazi ilisimamishwa. Jengo lililohukumiwa kufa likaachwa lisimame, na wataalamu wakaanza kutafuta namna ya kuuchimba udongo kwa mashini zinazoongozwa kutoka mbali. Tena, miaka baadaye, vipimo vingine vilionyesha kwamba doa ni pana kuliko walivyokadiria kwanza, na mpango ukabidi ufikiriwe upya.

Wengine wataona hapo kushindwa. Sisi twaona pia ushindi wa aina yake. Kazi ilichelewa, fedha ziliongezeka, lakini hakuna kijana aliyetumwa kupiga nyundo juu ya kifo asichokijua. Waliopima walithubutu kuwaambia wakubwa neno wasilotaka kulisikia: Simameni, bado hatujui. Maneno hayo ni machache, lakini yahitaji moyo.

NASI JE?

Labda msomaji wa Bukavu au wa Kalemie atasema: Haya ni mambo ya Wazungu, yatuhusu nini? Yatuhusu. Tanuri la kwanza la atomu katika Afrika nzima liliwashwa Kongo mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium huko Kinshasa, chuo cha Kikatoliki kilichoongozwa na Monsinyori Luc Gillon. Jina lake lilikuwa TRICO I, la kilowati 50. Lilizimwa mwaka 1970. La pili, TRICO II, lilianza mwaka 1972, likasimama mwaka 2004. Matanuri hayo ni madogo sana yakilinganishwa na yale ya Ulaya. Lakini dogo au kubwa, sheria ya kubomoa ni moja: siku itakapofika, yabidi mtu aingie kwanza na kipimo, asome madaftari, awaulize wazee, atoboe zege, achore ramani mbili.

Mtu huyo atakuwa nani? Yafaa awe mtoto wa nchi. Kazi hii haitaki uchawi. Yataka hesabu, fizikia, kemia, uchoraji, na mkono usiotetemeka. Yataka zaidi mtu wa kweli, aandikaye alichokiona, si alichotazamiwa kukiona. Mwanafunzi anayejizoeza leo kuandika katika daftari lake "kipimo changu hakikupatana na cha mwalimu", badala ya kunakili jibu la jirani yake, ameanza tayari ufundi huo.

Wazazi nao wana neno la kuchukua. Tuwazoeze watoto wetu kusema "sijui" bila aibu, kisha kwenda kutafuta. Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga, tena kwamba haraka haraka haina baraka. Walisema hayo kabla atomu haijapasuliwa na mtu yeyote, lakini wapimaji wa Mol na wa Hanford wanayaishi kila siku. Nyumba ya zamani yaweza kubomolewa kwa wiki chache. Kuijua kwaweza kuchukua miaka. Na miaka hiyo haikupotea, kwa kuwa mwisho wake ni uwanja mtupu, ambapo mtoto aweza kucheza mchangani na mama yake asiwe na hofu.